Mwenye Jeshi ni Nani? Upangaji Upya wa Ulinzi wa 1964 na Istilahi Zake

Miongoni mwa maswali ambayo wafasiri na watumishi wa Serikali hutuletea mara kwa mara sisi tunaoshughulika na istilahi, kuna moja ambalo kwa sura yake ni dogo, lakini ukilifuata hadi kwenye mzizi wake utakuta sehemu kubwa ya historia ya taifa. Swali lenyewe ni hili. Jina la Kiingereza la jeshi la Tanzania lina neno lenye maana ya ulinzi. Jina la Kiswahili, yaani Jeshi la Wananchi wa Tanzania, halina. Je, mfasiri anayeandika hati kwa Kiswahili aongeze neno hilo ili majina mawili yalingane? Na yule anayefasiri kwenda Kiingereza, aliondoe?

Jibu la mkato ni kwamba asiongeze wala asipunguze. Lakini jibu la namna hiyo halimfai mwalimu wala mfasiri, kwa sababu halimwonyeshi njia ya kufuata atakapokutana na jina jingine kesho. Kwa hiyo katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi majina hayo yalivyopatikana wakati idara ya ulinzi ya nchi hii ilipopangwa upya mwaka 1964, na kila neno lilibeba jukumu gani. Hoja yetu ni kwamba kupanga upya ulinzi wa nchi ni kugawa upya amri, na mgawo huo husomeka kwanza katika majina. Mfasiri anayelibadili jina kwa kutaka ulinganifu huenda akaihamisha amri pasipo kujua.

Askari wa nani?

Kabla ya Uhuru, majina ya majeshi yaliyokuwapo katika nchi hii hayakuficha mwenye mali. Wajerumani walipoanza kutawala kwa nguvu mwaka 1889, Hermann von Wissmann aliajiri huko Misri askari wa Kisudani, nao walikuja na vyeo vyenye asili ya Kituruki: ombasha, shaushi, efendi. Neno askari lenyewe ni la Kiarabu, na lilikuwa limekwisha kuzoeleka pwani. Lakini katika miaka ile lilipata maana iliyobanwa zaidi: askari alikuwa mtu wa Serikali ya wageni, aliyetumwa dhidi ya watu wa nchi. Wazee wa Kusini waliosimulia vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 hawakulitamka neno hilo kwa mapenzi.

Waingereza nao walikuwa na kikosi chao cha Afrika ya Mashariki kilichoundwa mwaka 1902, ambacho jina lake lilisema wazi kuwa bunduki ni za Mfalme, na Waafrika ni wabebaji tu. Watu walikiita Keya, kwa kufuata herufi za kifupisho chake. Wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza nao waliacha jina lao katika mji wa Dar es Salaam, maana Kariakoo ni matamshi yetu ya jina la Kiingereza la kikosi chao. Katika Keya Kiswahili kilitumika kutoa amri, lakini kilikuwa Kiswahili kilichokatwakatwa, cha mkubwa kumwamuru mdogo. Katika miaka ya 1950 wakaanzisha cheo cha efendi kwa Waafrika wachache, cheo kilichokuwa juu ya sajini na chini ya afisa wa Kizungu. Cheo hicho kimekufa, ila kimeacha mtoto: neno afande, ambalo leo ni la heshima kwa afisa yeyote.

Ilipofika tarehe 9 Desemba 1961, vikosi viwili vya Keya vilivyokuwa Tanganyika, cha 6 na cha 26, vilibadilishwa jina vikawa Tanganyika Rifles. Tuliangalie jina hilo kwa makini. Mfalme ameondoka, nchi imeingia mahali pake, lakini bunduki zimebaki palepale. Na kweli, mambo yalikuwa hivyo hivyo kambini: bendera ilikuwa mpya, maafisa wa juu walikuwa bado Waingereza, na mkuu wao alikuwa Brigedia Patrick Sholto Douglas. Jina lilieleza hali ilivyokuwa kwa usahihi kuliko hotuba nyingi.

Mwezi mmoja, maneno mawili

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964, askari wa kikosi cha kwanza katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliwakamata maafisa wao wa Kiingereza. Siku ya pili kikosi cha Tabora kikafuata. Madai yao yalikuwa mawili: mishahara iongezwe, na maafisa wa Kiingereza waondolewe ili nafasi zao zishikwe na Waafrika. Oscar Kambona, aliyekuwa Waziri wa mambo ya nje na ulinzi, alikwenda kuzungumza nao. Katika siku zilizofuata askari wa Uganda kule Jinja na wa Kenya kule Lanet nao walikataa amri. Tarehe 25 Januari, kwa ombi la Serikali ya Tanganyika, askari wa majini wa Uingereza waliteremshwa kutoka katika manowari Centaur, na kambi ya Colito ikatiishwa.

Kwa mwanaistilahi mwezi ule una jambo la kujifunza. Siku nane tu kabla ya tukio la Colito, tarehe 12 Januari, Zanzibar ilikuwa imepindua Serikali ya Sultani. Matukio mawili yakiwa na silaha yalitokea katika mwezi mmoja, katika nchi mbili zilizotenganishwa na mkono wa bahari. Hata hivyo Kiswahili hakikuyachanganya. La Zanzibar likaitwa Mapinduzi, na la Dar es Salaam likaitwa maasi. Neno la kwanza linatoka katika kupindua: kilichokuwa juu kimekuwa chini, na utawala umeshikwa na wengine. Neno la pili linatoka katika kuasi: aliyepaswa kutii amekataa kutii. Askari wa Colito hawakutangaza Serikali mpya. Walidai kama wafanyakazi wanaogoma, lakini kwa kuwa walikuwa na bunduki mkononi, neno mgomo lisingetosha.

Walimu wa historia tunawasihi wailinde tofauti hiyo darasani. Mwanafunzi anayeandika kwamba Tanganyika ilikuwa na mapinduzi ya kijeshi mwaka 1964 amekosea historia kwa kukosea neno. Na kwa kuwa Kiswahili hutumia mapinduzi kwa maana mbili, ile ya wananchi kubadili mfumo na ile ya kundi la maafisa kunyakua madaraka kama alivyofanya Idi Amin Januari 1971, ni vyema maana ya pili ipewe sifa yake kila mara: mapinduzi ya kijeshi.

Jina jipya

Baada ya maasi, Serikali ilikuwa na njia mbili. Ingeweza kuwaadhibu viongozi wa maasi na kuliacha jeshi kama lilivyokuwa, au kulivunja na kuanza upya. Ikachagua ya pili. Tanganyika Rifles ikavunjwa. Vijana wa TANU wakaitwa kujiandikisha, na mnamo Februari mawaziri wa nchi huru za Afrika wakakutana Dar es Salaam, ikaamuliwa kwamba askari wa Kiingereza waondoke na nafasi yao ishikwe na askari wa Kiafrika. Nigeria ndiyo iliyoleta kikosi. Tarehe 26 Aprili Tanganyika na Zanzibar zikaungana, na ulinzi ukawa miongoni mwa mambo kumi na moja ya Muungano. Tarehe 1 Septemba 1964 jeshi jipya likazaliwa. Mrisho Sarakikya, aliyehitimu Sandhurst, akawa mkuu wake wa kwanza, akashika kazi hiyo hadi mwaka 1974.

Jeshi hilo likaitwa la Wananchi. Hapa ndipo penye jibu la swali letu la kwanza. Tukiyaweka majina matatu kwa mfuatano tutaona kwamba yote yanajibu swali moja, mwenye jeshi ni nani: kwanza Mfalme, kisha nchi, kisha watu wa nchi. Neno mwananchi, yaani mwana wa nchi, halikuwa istilahi ya kitaalamu. Lilikuwa neno la mikutano ya hadhara katika kupigania Uhuru. Kuliweka katika jina la jeshi ilikuwa ni kusema kwamba yule askari ambaye tangu 1889 alisimama upande wa pili wa raia, sasa ahesabiwe upande wao. Ndiyo sababu pia, tangu mwaka huo wa 1964, wanajeshi waliruhusiwa kujiunga na TANU. Na ndiyo sababu neno mwanajeshi, linalofanana kwa umbo na mwananchi, lilishika nafasi ya askari katika lugha ya heshima.

Jina la Kiingereza lilichukua mambo mawili, watu na ulinzi. Jina la Kiswahili lilichukua moja. Halikuwa tafsiri, na wala hapana dalili kwamba liliundwa kwa kufuata neno baada ya neno. Baraza la lugha lilikuwa halijaundwa bado. Sheria yake ni ya mwaka 1967. Wakati mwingine tunaona hati ikiandika Jeshi la Ulinzi la Wananchi wa Tanzania. Si kosa, kwa maana neno ulinzi hapo linataja aina ya jeshi. Lakini kifupisho kinachojulikana na kila mtu, JWTZ, hakina herufi ya neno hilo, na hilo ni ushahidi wa kutosha kwamba uti wa mgongo wa jina ni wananchi.

Kwa nini basi aina ihitaji kutajwa? Kwa sababu kwa Kiswahili jeshi si la vita peke yake. Tuna Jeshi la Polisi, Jeshi la Magereza, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Tuna pia Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa tarehe 10 Julai 1963, ambalo kwa Kiingereza jina lake linasema utumishi tu. Ibara ya 147 ya Katiba, inapoeleza mwanajeshi ni nani, inataja Jeshi la Ulinzi, la Polisi, la Magereza na la Kujenga Taifa. Hapo ulinzi ni neno la kupambanua. Basi mfasiri akumbuke: jeshi la ulinzi ni aina, Jeshi la Wananchi ni jina. Aina hutafsiriwa; jina hunakiliwa kama lilivyo katika kila lugha.

Vita, ulinzi na usalama

Wasomaji wengine huuliza kama neno ulinzi si pambo tu la kuficha vita. Swali hilo halituhusu sisi peke yetu. Uingereza ilikuwa na Ofisi ya Vita kwa muda mrefu. Tarehe 1 Aprili 1964, miezi mitano kabla ya kuzaliwa kwa JWTZ, ofisi hiyo iliunganishwa na zile za wanamaji na za anga katika Wizara moja ya Ulinzi. Marekani ilikuwa na Idara ya Vita tangu mwaka 1789. Sheria ya 1947 ikayaleta majeshi yake chini ya waziri mmoja, na marekebisho ya 1949 yakaipa idara hiyo jina la ulinzi. Septemba 2025 Rais wa nchi hiyo alitoa amri kwamba jina la Idara ya Vita litumike tena kama jina la pili, ilhali jina lililokuwamo katika sheria wakati huo lilikuwa bado la Ulinzi. Mfasiri wa habari za namna hiyo afuate kile hati inachosema, na asisawazishe majina mawili kwa kudhani kwamba ni jambo moja. Ikiwa wenyewe wanabishana juu ya jina, si kazi yetu kuwaamulia.

Kwa upande wetu, ulinzi haukuwa neno la kutunga. Mkulima aliyekaa juu ya dungu akifukuza ndege shambani alikuwa akilinda, na kazi yake ilikuwa ulinzi. Neno hilo lina mipaka iliyo wazi: hulindwa kilicho chako. Halina maana ya kwenda kutafuta cha mwingine. Kwa hiyo lilifaa sana kwa Wizara ya nchi changa.

Hatari iliyopo leo ni kulichanganya na usalama. Katika orodha ya Mambo ya Muungano iliyo katika Katiba, Ulinzi na Usalama ni jambo moja lenye maneno mawili, na Polisi ni jambo la peke yake. Mtunga sheria hakuyarudia maneno kwa kupenda marefu. Ulinzi ni kazi, usalama ni hali inayotokana na kazi hiyo, pamoja na kazi nyingine nyingi zisizo za kijeshi. Ukifasiri usalama barabarani kwa neno la ulinzi, umeleta jeshi barabarani. Ukifasiri ulinzi wa mpaka kwa neno la usalama, umemwacha msomaji asijue ni nani anayepaswa kuwapo mpakani.

Nani huamuru?

Maasi ya 1964 yalikuwa hasa swali la amri. Tunashauri kila ofisi iwe na orodha ya madaraka yafuatayo, na isiyabadilishane. Amiri Jeshi Mkuu ni Rais, naye ni raia aliyechaguliwa. Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi ni mwanajeshi wa cheo cha juu, aliyeteuliwa na Rais. Mnadhimu Mkuu ni msaidizi wake katika kuratibu kazi. Neno hilo lina mzizi mmoja na nidhamu, nalo ni miongoni mwa istilahi nzuri zilizopatikana katika fani hii. Waziri na Katibu Mkuu wa Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa ni watu wa sera na fedha. Kabla ya maasi, ulinzi ulikuwa mgongoni mwa waziri wa mambo ya nje. Baadaye uliwekwa pamoja na kujenga taifa, na mawaziri kama Edward Sokoine, aliyeushika tangu 1972 hadi 1977, walibeba majukumu hayo mawili katika jina moja. Mwandishi wa gazeti anayemwita Mkuu wa Majeshi kuwa Amiri Jeshi Mkuu amefanya kwa kalamu jambo ambalo Katiba inakataza kwa sheria.

Katika vyeo mkopo umebaki mwingi: jenerali, kanali, meja, kapteni, luteni, sajini, koplo. Hatuoni sababu ya kuvifukuza. Cheo ni kipimo ambacho lazima kitambulike na jeshi la nchi nyingine, kama vile mita na kilo. Wakati mwingine mkopo hubeba historia ya kuchekesha: sajinitaji anatembea na taji, ile alama ya kifalme iliyowekwa juu ya tepe tatu katika jeshi la Kiingereza, naye yumo katika jeshi la wananchi.

La mgambo

Februari 1971, Mwongozo wa TANU ulitaka wananchi wenyewe wafundishwe kulinda nchi. Chombo kilichotokana na wito huo kikaitwa mgambo. Zamani mgambo ilikuwa mbiu ya pembe ya kuwakusanya watu, na bado twasema la mgambo likilia lina jambo. Katika neno hilo wito umegeuka kuwa walioitikia wito. Majeshi ya Amin yalipouvamia ukanda wa Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, mgambo waliingizwa kwa maelfu katika jeshi, na Kampala ikatekwa tarehe 11 Aprili 1979. Jina la 1964 lilipata uthibitisho wake hapo: wananchi walikuwa jeshini si kwa maneno.

Lakini neno hubaki na mambo hubadilika. Mwaka 1992, nchi ilipoingia katika mfumo wa vyama vingi, wanajeshi walikatazwa kuwa wanachama wa chama chochote cha siasa. Makamisaa wa siasa wakaondoka vikosini; jina lao limesalia kwingineko, kwa mfano katika cheo cha Kamisaa wa Sensa. Neno wananchi halikuguswa. Kabla ya hapo lilisomwa pamoja na Chama. Tangu hapo lasomwa kuwa ni watu wote, wenye chama na wasio na chama. Hii ndiyo faida ya jina lililochaguliwa kwa hekima. Kama jeshi lingepewa jina la Chama mwaka 1964, ingebidi mwaka 1992 libatizwe upya.

Kwa muhtasari, tunawashauri wafasiri na walimu mambo matatu. Kwanza, jina rasmi la chombo linakiliwe kutoka katika sheria au hati ya chombo chenyewe, kila lugha kwa jina lake, wala yasilazimishwe kulingana. Pili, neno la aina litofautishwe na jina, hasa neno jeshi, ambalo kwa Kiswahili ni pana kuliko lilivyo katika lugha nyingine. Tatu, kabla ya kuchagua neno la cheo au la idara, mfasiri ajiulize: katika sentensi hii, nani anaamuru na nani anatii? Akishapata jibu, neno litajileta lenyewe.

Tunawakaribisha wasomaji waliotumikia vikosini, pamoja na walimu waliokusanya simulizi za wazee, watuletee maneno ya amri, ya kambi na ya silaha yaliyotumika katika sehemu zao kabla na baada ya 1964. Mengi hayajaingia katika kamusi yoyote, na wanaoyajua wanapungua mwaka hadi mwaka.